Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Nimekataa kusoma wasifu wa Deogratias, na Majengo nzima imeshajua. Waseme. Walikuja watoto wake wawili Jumanne asubuhi na karatasi iliyopigwa chapa vizuri, wakaniamkia, wakakaa kwenye ukingo wa kochi kama watu waliokuja kuposa, wakaniambia baba amefariki na familia imekaa ikaona hakuna mwingine wa kusoma ila mimi. Nikawapa pole, nikawapa chai, nikawaambia sitasoma. Yule mkubwa akadhani sijaelewa, akaanza kueleza upya, polepole, kama unavyomweleza kikongwe. Nikamwambia mwanangu, masikio yangu ni mazima, nimesema sitasoma. Waliondoka bila kumaliza chai. Na siwalaumu, maana kazi hiyo nimeifanya miaka inayozidi thelathini. Nimewasomea watu niliowapenda na watu ambao nikikutana nao sokoni nilikuwa nahama njia. Nimesimama makaburini Laela, Matai, Chala, Namanyere, mvua ikininyea, nikamwita mlevi mtu mcheshi na mkorofi mtu wa msimamo. Kwa hiyo nikikataa mmoja, lazima watu waulize. Juzi nilikwenda kuzika, nikakaa nyuma kabisa na akina mama, kitenge nimejifunga hadi kichwani. Alisoma kijana mmoja, akaparamia maneno, akaruka mstari, akarudi, na alipofika palipoandikwa kwamba marehemu alimuuguza mama yake mzazi kwa upendo mkubwa hadi siku ya mwisho, wanawake wawili watatu wakanigeukia wakitegemea niitikie kwa kichwa. Sikuitikia. Tangu nirudi nyumbani sijapika, nimechukua daftari. Nitaandika habari za mwaka mmoja tu, basi. Anayetaka kujua nilizaliwa wapi na tulikuwa wangapi tumboni kwa mama akaulize kwingine, nimechoka kuanzia watu kwenye kuzaliwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja mjini kurudia mtihani wa kidato cha nne, kurisiti kama tunavyosema, na nilikuwa siwezi kusema mbele ya watu. Si kwamba nilikuwa mpole. Nyumbani nilikuwa nabishana mpaka na kuku. Lakini wakifika watu sita wakanitazama kwa pamoja, ulimi unakuwa mzito. Siku ya mahafali yetu, mwaka uliotangulia, walimu walinichagua nisome risala, kwa sababu tu ndiye niliyeiandika kwa mwandiko mzuri. Nikasimama nikasema, "Ndugu mgeni rasmi." Baada ya hapo hakikutoka kitu. Nikarudia, "Ndugu mgeni rasmi." Mara ya tatu watu wakaanza kucheka, kisha wakapiga makofi ya kunitia moyo, na yale makofi yaliniumiza kuliko kicheko. Mwenzangu akaja akanitoa karatasi mkononi, akasoma yeye. Tangu siku hiyo nikawa na jina jipya. Mtu yuko ng'ambo ya barabara, ananiona, anapaza sauti, "Ndugu Mgeni Rasmi, mambo?" Najibu poa, nacheka, nikifika nyumbani nalia.

Aliyenipokea mjini alikuwa Mwalimu Yustina, mwalimu mstaafu na mjane, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasomaji wa masomo kanisani. Makubaliano yalikuwa nimsaidie kazi za nyumba, naye anisaidie Kiswahili na Uraia. Siku ya kwanza, kabla sijaweka hata begi chini, aliniambia kwamba mahafalini alikuwepo, alikaa na wazazi. Nikataka ardhi ipasuke. "Hukuwa mjinga," akasema. "Tatizo lako ni kwamba ulikuwa hujawahi kufika pale kabla ya kufika." Sikumwelewa, nikasema ndiyo Mwalimu.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, ina sebule yenye viti vinne vya mbao vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na kabati la vyombo ambavyo hatukuvitumia hata siku moja. Chumba chake kilikuwa upande wa uani, dirisha linatazama pale tulipopikia. Changu kilipakana na stoo ya mahindi, kwa hiyo mwaka mzima nilinuka mahindi makavu. Tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mzito, kwa maharage au dagaa wa Kirando, na ugali wa mahindi meupe yeye aliuita chakula cha wageni. Akiwa anakula haongei. Akishanawa ndipo anaanza, na anaanza na wewe, ulikosea nini leo. Na majirani aliongea Kifipa, tena kwa raha, anacheka mpaka anajishika mbavu. Na mimi aliongea Kiswahili tu, hata nikimsemesha Kifipa. Eti Kifipa ni cha kupumzikia na mimi sikuja kwake kupumzika. Leo umri wangu umeupita aliokuwa nao, na bado nikimaliza kula nahisi kuna mtu anataka kuniuliza nilikosea nini.

Mafunzo yake hayakuwa ya kusimama wala kupaza sauti. Alinikalisha kwenye kigoda, uso nimeuelekeza ukutani, macho nimefumba, kinywa kimefungwa, na kazi yangu ikawa kwenda kusoma bila kutoka pale. Yeye anauliza, mimi naona. Umeamka, umevaa nini, viatu vinabana? Umeingia kanisani kwa mlango gani? Hesabu hatua mpaka mbele. Kipaza sauti kiko juu, aliyekutangulia alikuwa mrefu, basi kishushe. Kinapiga kelele. Ngoja kinyamaze. Sasa mtoto analia benchi la tatu, na kuna mama wa kanga ya kijani ananong'ona na jirani yake, wewe unadhani anakusema. Msomee huyo huyo. Alinikataza kabisa kujiona napigiwa makofi, alisema anayejipigia makofi kichwani anafika mbele ya watu ameshalewa. Nijione nimekosea, kisha nijione naendelea. Nikosee tena, niendelee tena. Na midomo isicheze, hilo lilikuwa sheria. Alikuwa anachukua punje ya mahindi ananiwekea katikati ya midomo, ikianguka tunaanza mlangoni upya. Maneno yakitoka kabla ya siku yake yanakuwa yameshatumika, alisema. Nilifanya hivyo nikichambua maharage, nikiosha vyombo, nikienda bombani na ndoo. Mtu aliniona nimenyamaza, kumbe mimi niko kanisani, nimefika hatua ya kumi na moja.

Nilisoma kwanza kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwa jirani, mbele ya watu kumi na watano. Sauti ilitetemeka, lakini mtetemeko ule nilikuwa nimeshakutana nao kichwani, tukasalimiana, nikapita. Baada ya Pasaka nikasoma somo la pili kanisani, Jumapili, kanisa limejaa. Nilikosea neno moja nikaendelea. Nilirudi kukaa, na Mwalimu wala hakunitazama. Tulipofika nyumbani alinipakulia paja la kuku, yeye akachukua shingo, na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Taratibu watu wakaacha kuniita Ndugu Mgeni Rasmi. Nilimpenda mwanamke yule. Hilo naliandika wazi kabisa, maana baadaye watu walisema mengine.

Mwezi wa tano tumbo lake likaanza kuvimba. Alikwenda hospitali, akakaa wiki mbili, akarudishwa nyumbani apumzike. Sisi sote tulijua kupumzika maana yake nini, ila kwetu mgonjwa hatajiwi kifo. Unamwambia utapona, unamwambia leo umeamka na uso mzuri, unamwambia hivyo mpaka siku anapokata roho, na yeye anakujibu asante. Deogratias, mwanawe wa pekee, alikuwa karani huko Mbeya, akawa anakuja kila Jumamosi na basi la asubuhi na kuondoka Jumapili. Mchana mmoja nilikuwa napanga vikombe, nikamsikia sebuleni anaongea kwa sauti ya chini na Mama Oresta, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Anamkumbusha mazishi ya baba yake, jinsi mzee aliyesoma wasifu alivyokosea akamtaja marehemu kwa jina la mdogo wake aliye hai, na mdogo mtu mwenyewe kasimama pale pale kando ya kaburi na kofia mkononi. Watu walicheka makaburini. Mama Oresta akasema hata yeye alicheka, Mungu amsamehe. Deo akasema hawezi kuipata tena aibu ile, kwa mama hapana.

Jumapili yake akanifuata kwenye karo la vyombo. Akasimama kidogo, akaniuliza mtihani lini, nikamwambia. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Gaude, siku ikifika utasoma wewe. Anza kuandaa." Nikamwambia mama yupo hai, kaka Deo. Akasema ndiyo maana ananiambia sasa, siku yenyewe nani atakuwa na akili ya kutafuta mwaka wa ubatizo? Akaniomba nisimwambie mtu yeyote. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo naliandika nisije nikamsingizia. Wakati ule alikuwa mtoto anayeogopa kufiwa na mama, zaidi ya hapo hakuwa chochote. Nikaichukua karatasi, nikaificha ndani ya daftari la Uraia.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana sikukaa hapa kuandika ya Deo peke yake. Kazi ile niliipenda. Niliandika, nikafuta, nikaandika upya, nikapanga shule alizofundisha, wanafunzi wake waliokuja kuwa mapadri na mabwana shamba, na kila nilipokaa kwenye kigoda nilikwenda makaburini. Niliona watu mpaka barabarani. Niliona masista, walimu wenzake, wanafunzi wa zamani wakubwa wazima wenye suti. Niliona natoka katikati ya akina mama, nashika kipaza sauti, na wale walionicheka mahafalini wako pale wote, wamekaa kimya. Alinikataza kujipigia makofi, nami nilijipigia. Yeye yuko ndani, mlango wa pili, anahangaika kugeuka kitandani, na mimi nje najiona ninavyomzika vizuri. Mwanzoni nilikuwa naona aibu. Baadaye nikaizoea. Kuna siku nilijikuta nafikiria kwamba ikiwa mwezi wa nane itakuwa afadhali, kwa sababu shule zimefungwa na wanafunzi watafika kwa wingi. Nimeungama dhambi nyingi maishani, hiyo sijawahi kuiungama.

Ilikuwa katikati ya wiki, saa nne asubuhi, baridi ile ya Juni yenye upepo unaoingia mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa uani napukuchua mahindi, mgongo nimeupa dirisha lake. Nilimwacha amelala. Vidole vinafanya kazi yake na mimi niko makaburini, nimefika sehemu niliyoipenda kuliko zote, ile ya shule alizofundisha. Sijui sauti ilianza kutoka lini. Ninachojua ni kwamba nilijisikia mwenyewe nikisema, tena kwa sauti ya kipaza sauti, "Marehemu Mwalimu Yustina alifundisha Chala, kisha akahamishiwa Mpui, ambako alikaa hadi alipostaafu." Nikasikia godoro linalia. Halafu nikasikia sauti yake kutoka dirishani, sauti ile ile ya darasani.

"Umeruka Kirando. Nilifundisha Kirando miaka mitatu."

Sikugeuka. Nilikaa na gunzi mkononi mpaka jua likahama mahali nilipokuwa nimekaa. Nilipojikaza kuingia na uji, alikuwa amegeukia ukuta, akaniambia uji niuache hapo juu ya stuli. Jioni niliukuta hapo hapo, umeganda.

Kuanzia siku ile hakula chakula changu. Hakunigombeza, hakuniuliza. Alimwomba tu Mama Oresta awe anamletea, eti mimi nipate nafasi ya kusoma kwa ajili ya mtihani. Mama Oresta naye hakuwa mjinga, akataka kujua kuna nini, na sijui nani alimwambia, lakini baada ya siku tatu mtaa mzima ukawa unajua kwamba yule binti wa kurisiti alikutwa anamtaja mgonjwa kuwa marehemu, peke yake, uani, anatazama chini. Mnajua sifa ya uchawi ya mji wetu huko kwingine; ukisema unatoka Sumbawanga watu wanasogeza viti, na sisi wenyewe huwa tunacheka. Safari hii hakuna aliyecheka. Akina mama wa jumuiya waliokuja kusali walinisalimia kwa mbali, na chai niliyowawekea walisema wameshakunywa kwao. Hilo ningeweza kulivumilia. Nilichoshindwa ni kumwona Mwalimu, ambaye alikuwa akinipakulia paja la kuku, anapokea bakuli la Mama Oresta na kulishika kwa mikono miwili.

Jumamosi Deo akaja. Nilimwahi getini nikamweleza yote, akajishika kichwa, akasema atalimaliza. Tuliingia chumbani wote wawili. Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito, macho yamekuwa makubwa. Akamsalimu mwanawe, akamwuliza safari, kisha akanitazama mimi kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nani alikutuma?" Nikamtazama Deo. Alikuwa na kikombe cha chai, akakikoroga, akakikoroga tena. Nilihesabu mizunguko ya kijiko. Akasema, "Mama, hayo mambo ya watoto, usiyaweke moyoni." Mambo ya watoto. Mwaka wa ubatizo wa mama yake niliujua kuliko yeye, na alinizidi miaka sita tu. Ningeweza kufungua daftari la Uraia na kuitoa karatasi yenye mwandiko wake. Lakini nitamwambiaje mama anayekufa kwamba mwanawe ameshamwandalia mazishi? Na tena, je, akiniuliza kama niliipenda kazi hiyo? Nikasema, "Hakuna aliyenituma, Mwalimu." Akafumba macho. Akasema tumpishe, anataka kulala.

Hapo ndipo zilipoanza zile wiki tano. Nilitaka ajue kwamba sikuwa nangoja afe. Hicho tu. Mtihani, mtaa, jina langu, vyote viende vitakakokwenda, lakini asife akiamini hivyo. Basi nikafanya nilichofundishwa. Nilikaa kwenye kigoda changu nikajiandaa. Nimebisha hodi, nimeingia, nimekaa kwenye stuli. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Mwalimu, lile jambo la uani. Anakohoa. Nangoja amalize. Namwambia alinituma Deo kwa sababu ya aibu ya baba, lakini mimi nilikubali, na nilifurahi, na nimejuta. Anakasirika, naendelea. Analia, naendelea. Niliyaona majibu yake yote, hata yale mabaya, na kila mara mwisho alininyooshea mkono akaniambia basi, mwanangu, yameisha. Nikifika hapo kifua kinakuwa chepesi, nainuka, naendelea na kazi kama mtu aliyesamehewa. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Asubuhi namletea maji ya kunawa, nasimama mlangoni, nasema yote kichwani, nasamehewa, naweka beseni, natoka. Wakati mwingine nilitoka nikiwa na furaha kabisa. Watu hunisifu kwamba sitetereki mbele ya umati. Ni kweli. Lakini mume wangu alikufa akiwa hajawahi kusikia kutoka kwangu mambo ambayo mimi nilikwisha kumwambia mara mia, na binti yangu anasema kwa simu, Mama, wewe ukinyamaza huwa unaongea na nani?

Mwezi wa saba mwishoni, mchana, Mama Oresta akaja jikoni akasema Mwalimu ananiita. Nilinawa mikono mara mbili. Alikuwa amebaki macho na mifupa ya mabega, na shuka limemfunika tumbo lile kubwa. Akanionyesha stuli. Nikamwamkia, hakuitikia.

"Deo aliniambia," akasema. "Kesho yake, kabla hajakwenda stendi. Alilia hapo hapo ulipokaa."

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwa nini hakuniambia kwamba anajua.

"Nilikuwa nakungoja. Kila asubuhi unaleta maji, unasimama hapo mlangoni, midomo inacheza. Najisemea, leo atasema."

Nikamwambia nilikuwa najiandaa. Lilikuwa jibu la kweli, na nikiwa nalisema nililiona lilivyo la kijinga. Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta tena. Akasema ningesema siku ile ya kwanza tungecheka, sisi wawili. Angevaa miwani yake tukairekebisha pamoja ile karatasi, maana Deo alimtajia alichoandika, na alishaikosea tangu juu, hata mwaka wa ndoa siyo. Nikaanza kusema. Hatimaye nikaanza. Nikasema, Mwalimu naomba, Mwalimu mimi sikuwa, na maneno yote niliyoyapanga wiki tano yakaja kwa pamoja yakakwama mlangoni. Aliinua mkono, si kuninyooshea. Kunizuia.

"Sasa nimechoka, Gaudensia. Funga mlango, upepo unaingia."

Hakuniita mwanangu. Nilifunga mlango. Alikufa siku ya nne, alfajiri, Mama Oresta akiwa naye, na mimi niko chumbani kwangu nikijiandaa kumwomba msamaha kwa namna nyingine.

Kwa hiyo Deo alikiri, akasamehewa, akapanda basi. Wiki tano zile alikuja kila Jumamosi, akanisalimia pale getini, akaniuliza hali ya mgonjwa, akala, na hakuniambia neno. Aliniona natengwa, chai yangu inakataliwa, akanyamaza. Neno moja tu lingetosha, Gaude, nimeshamwambia. Labda aliona haya. Labda alisahau, maana yeye lilikuwa limemtoka. Sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kusema, na tumeishi mji mmoja tangu alipohamishiwa hapa, tukisalimiana kanisani kila Jumapili, Bwana Deo, Mama, hujambo, sijambo. Ndiyo maana sikusoma juzi. Ningeisoma ile sentensi ya kuuguza kwa upendo, na ningeisoma vizuri, watu wangelia.

Mazishi ya Mwalimu yalikuwa kama nilivyoyaona. Watu mpaka barabarani, masista, walimu, wenye suti. Nilisimama nyuma, nikijua sitasoma, nani ampe kazi hiyo binti aliyemtaja mgonjwa kuwa marehemu? Lakini ulipofika wakati, Deo alipita katikati ya akina mama akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika kiwiko. "Hakuna mwingine aliyejiandaa," akasema, na hakunitazama usoni. Nilitembea. Hatua zilikuwa ishirini na sita, nilijua zitakuwa hivyo. Kipaza sauti kilikuwa juu nikakishusha. Kililia nikangoja. Mtoto alilia nikaendelea. Nilitaja Kirando, miaka mitatu, na mwaka wa ndoa niliokuwa nimemwuliza Mama Oresta. Sikukosea hata neno moja. Nilisikia wanaume wazima wanapenga makamasi, na wale waliokuwa wanakataa chai yangu wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, wakisema kumbe binti ulimpenda hivi. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeupitia msiba ule mara nyingi mno, na ulipokuja wenyewe sikuwa na kilichobaki cha kuulilia.

Watu walipokuwa wanatawanyika, baba mmoja wa Laela, mwenye koti la kijivu, alinivuta pembeni. Akaniambia hajawahi kusikia wasifu ukisomwa namna ile, na kwamba amenitazama akaona Mungu amenipa kitu. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. Mama yake naye anaumwa, akasema, bado yupo, anaongea vizuri tu, lakini wenyewe wanaona hatafika Krismasi, na wangependa niwe nimejiandaa. Kaburi la Mwalimu lilikuwa bado linapangwa maua. Nikamwangalia yule baba, nikamwomba anitajie jina la mama yake lote, na mahali alipozaliwa.